Keki ya Lita Kumi

Saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi, jiwe la kuwekea maziwa kwenye lango la Kaari lilikuwa tupu. Robo saa kabla ya hapo alikuwa ameweka juu yake mtungi wa alumini wa lita kumi. Ndani mlikuwa na keki.

Ilikuwa keki ya majaribio. Jirani yake Gladwell, ambaye angemwoza binti yake mwezi wa Disemba, alikuwa ameona kwa macho yake, huko Embu, keki ya ghorofa tatu ikiporomokea mapajani mwa bwana harusi. Sasa alitaka keki ndefu ya kipande kimoja, na angekuja saa tatu kuionja. Isipompendeza, kazi ingekwenda kwa mwokaji wa mjini.

Kaari hakuwa na chombo kingine kirefu. Aliupaka mtungi mafuta, akasimamisha kopo jembamba katikati ili joto lifike ndani, akauzika kwenye sufuria kubwa ya mchanga juu ya jiko na kupanga makaa kwenye kifuniko. Keki ilipoiva alichomoa kopo, akaipeleka langoni ipoe. Uani kulikuwa na kuku.

Hakumfikiria Ngari, dereva wa pikapu ya ushirika wa maziwa. Ngari hukusanya mitungi kila asubuhi na haulizi. Kilicho juu ya jiwe ni maziwa.

Kaari alimfuata kwa bodaboda hadi kituo cha ushirika. Laktometa, kile kipimo cha kugundua maziwa yaliyotiwa maji, ilikuwa imesimama wima ndani ya keki, na Mithika, mpimaji, alikuwa akiitazama.

"Kaari, haya maziwa umeyafanya nini?"

"Si maziwa. Ni keki."

"Fomu yangu haina keki. Ina yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa."

"Basi kataa, unipe mtungi wangu."

"Sababu?"

"Andika ng'ombe amekula mayai," akasema mzee Kathuri kutoka kwenye foleni.

Mithika aliandika: *Harufu, vanila. Hayamwagiki.*

Gladwell alikuwa wa tano kwenye foleni, na mtungi wake miguuni. Alisogea mbele.

"Hiyo si yangu?"

"Ni yako, mama. Nilikuwa nakungoja saa tatu."

"Saa tatu ina nini? Itoe."

Waliupindua mtungi juu ya meza. Hakikutoka kitu. Kaari aliutikisa, hakikutoka kitu.

"Hii bibi harusi atakula na kijiko kirefu," Ngari akasema.

"Wewe mwizi wa keki, nyamaza," Kaari akamjibu.

Kathuri aliupiga mtungi kitakoni kwa kiganja mara tatu. Keki ikateleza nje kwa sauti ya gambuti likitoka topeni, ikasimama. Gladwell aliisukuma kwa kidole. Akaisukuma kwa kiwiko. Haikuyumba.

"Ile ya Embu ingekuwa imeshalala," akasema, akaomba kisu.

Mithika alieleza kwamba mpimaji akiwa kazini haruhusiwi kula mali ya mwanachama. Kwa hiyo alichukua sampuli. Kisha akachukua ya pili, kuthibitisha ya kwanza.

Gladwell alitafuna polepole. Alimaliza, akamimina maziwa yake kwenye tangi, akausuuza mtungi wake wa lita ishirini bombani, akamkabidhi Kaari.