Dirisha la Pili

Ukuta wenye mkaa haupakwi rangi moja kwa moja. Ukiupaka tu, baada ya wiki mbili ule weusi unapenya na kurudi juu, kwanza kama kivuli, halafu kama doa. Kwa hiyo unakwangua, unaosha kwa maji ya sabuni, unaacha ukauke, unapiga msasa, unafuta vumbi, unapaka praima, ndipo unapaka rangi, mikono miwili, yaani mara mbili. Hakuna aliyenifundisha hayo. Niliyajua kwa kuharibu kuta za watu na kuzirudia.

Nayasema mapema kwa sababu kila hatua niliifuata.

Umoja wa Vijana wa kanisa letu ulikuwa umejiandaa mwaka mzima kwenda kujitolea nchi jirani, kwenye kituo kinachopokea watu waliokimbia vita. Walikuwa vijana kumi na mmoja. Mimi nilichukuliwa kwa kuwa ni fundi rangi, na kwa kuwa dada yangu alikataa katakata binti yake asafiri bila mtu mzima wa ukoo. Binti huyo ndiye aliyekuwa Katibu wa Umoja. Alikuwa akiniita Mjomba, na kabla hatujavuka mpaka wote wakawa wananiita hivyo.

Kituo kilikuwa ghala la zamani la nafaka. Mlangoni unaingia kwenye ukumbi wa mapokezi wenye madirisha manne na mabenchi ya mbao. Ukuta mrefu, ule wa madirisha, ulikuwa umechafuka kuanzia magotini hadi juu ya kichwa: mkaa, penseli, kalamu, hata matope. Maandishi madogo madogo ya lugha yao, mengine yamepandana, mishale, magari yaliyochorwa, viganja vya watoto. Nilifikiri ni watu waliokaa muda mrefu bila kazi, na watoto wao.

Msimamizi wa kituo, kijana mpole kutoka mji mkuu, ndiyo kwanza alikuwa na wiki ya tatu kazini. Alisema watu wanafika pale wamekata tamaa na ukumbi unawamalizia kabisa. Tungemfaa sana tukiupaka rangi. Simlaumu. Hata mimi ningesema hivyo.

Siku ya kwanza Mwenyekiti wa Umoja, kijana wa maneno mengi na moyo mwepesi, alitaka tushike brashi mchana uleule.

"Mjomba, huu ukuta unapakwa rangi au unaozwa? Mbona unauogesha hivyo?"

"Ukipaka juu ya uchafu, uchafu unarudi."

"Haya, mmesikia jamani. Mjomba akipaka banda la kuku, kuku wanavua viatu mlangoni."

Wakacheka, nami nikacheka. Nikawagawia skrepa na msasa, kila mmoja na kipande chake cha ukuta. Katibu alikuwa akizunguka na simu. "Kabla na baada! Kila mtu asimame mbele ya uchafu kwanza." Wakasimama, vidole gumba juu, wengine wakaruka hewani. Kisha tukaanza kukwangua.

Siku ya pili aliingia mfagiaji wa kituo, mama mtu mzima, na ndoo mkononi. Alipotuona aliiweka ndoo chini. Akaenda mahali ambapo ukuta ulikuwa bado haujaguswa, akaweka kiganja chake, akasema maneno mengi kwa sauti ya chini. Machozi yakamtoka. Hakuna kati yetu aliyejua lugha yake. Msichana mmoja wa kwaya akamkumbatia, wenzake wakamzunguka, wakaanza wimbo wa shukrani. Yule mama alisimama katikati yao, mikono inaning'inia, mpaka walipomaliza. Akachukua ndoo yake, akatoka. Baadaye nilisikia kwamba alikwenda ofisini, akakuta Msimamizi ameitwa kikaoni mjini.

"Ameguswa," Mwenyekiti alisema.

Nami niliamini hivyo. Nikarudi kwenye msasa.

Siku ya nne mkono wa pili ulikauka. Chini bluu, juu rangi ya maziwa, mstari wa katikati umenyooka kama uzi. Nilikuwa nimechagua rangi ya mafuta inayong'aa, ili mtoto akiichafua ifutike kwa kitambaa chenye maji. Kando ya dirisha la pili, upande wa kushoto, vijana waliandika kwa herufi ndogo: Zawadi ya Umoja wa Vijana, na mwaka. Sijawahi kupaka ukuta ukatoka vizuri kuliko ule.

Siku ya tano alirudi mlinzi wa lango, mzee aliyekuwa amekwenda kumzika kaka yake. Aliwahi kuendesha magari kwetu miaka mingi, lugha yetu aliijua. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Nani kafanya hivi?"

"Sisi, mzee," Mwenyekiti alisema kwa furaha. "Unaonaje?"

Alipita taratibu kutoka dirisha la kwanza hadi la nne, akigusa rangi kwa ukucha. Akaniangalia mimi, nadhani kwa sababu ya mvi.

"Fundi, chini yake kuna nini?"

Nilidhani anauliza kazi, nikamjibu kazi. "Chini hamna kitu. Tumekwangua mpaka lipu, tukaosha, tukapiga msasa, tukapaka praima."

"Hakijabaki kitu?"

"Hata kidogo, mzee. Hautarudi huo."

Alikaa kwenye benchi. Alipozungumza, alizungumza bila kupandisha sauti, akitazama sakafu.

"Ofisi imeanza kuandika majina miezi miwili iliyopita. Kabla ya hapo watu walikuwa wanashuka tu hapa na kupakiwa. Lori hili kambi hii, lori lile kambi ile. Familia zimepotezana njiani. Aliyetangulia anamwandikia anayekuja nyuma yuko wapi. Daftari lilikuwa huo ukuta. Hamkuona watu wanakuja kuusoma?"

"Tulifunga mlango," Mwenyekiti alisema. "Kwa ajili ya vumbi."

Ningelipua kazi, tungeokoa kitu. Kama ningewaacha vijana wapake rangi ya maji juu ya uchafu, kama walivyotaka, mkaa ungepenya wenyewe baada ya wiki mbili, na watu wangesoma. Nililifikiri hilo siku ile na sijaacha.

Kesho yake asubuhi alikuja mwanamke mmoja. Alikuwa ametembea siku sita, mguu mmoja umefungwa kitambaa. Hakumsalimu mtu. Alisimama mbele ya ukuta akahesabu madirisha kwa kidole, moja, mbili, akaenda kushoto mwa dirisha la pili, akainama kidogo, macho usawa wa bega. Akakaa hivyo. Kisha akaweka kidole kwenye yale maandishi yetu madogo, akamuuliza mlinzi jambo.

Mlinzi aliniangalia kabla ya kumjibu.

"Anauliza hapa panasema nini," akaniambia.

Miezi mitatu nyuma, kabla ofisi haijaanza kuandika majina, alikuwa amepotezana na mdogo wake mtoni, watu walipokuwa wanavuka kwa kugombania. Mdogo mtu alikuwa na watoto wawili wa huyu mama, wa miaka saba na minne. Jirani yao aliyepita kituoni mwezi uliopita, kisha akarudi nyumbani, alikuwa amemwambia: mdogo wako kaandika, dirisha la pili, kushoto, usawa wa bega. Jirani hakukumbuka jina la kambi. Aliona hakuna haja, maana limeandikwa.

Zilikuwapo kambi tatu. Moja ilikuwa siku mbili mashariki, moja ng'ambo ya milima, moja kusini. Simu hazishiki huko. Na mwenye mguu ule hawezi kuzizunguka zote.

"Mwambie anisubiri," nilisema.

Nilimwomba Katibu akusanye simu zote. Zilikuwa kumi na moja. Tulikaa mezani, mimi, yeye na mlinzi, na daftari la mistari. Nililigawa katika miraba, kama mtu anayekuza picha ndogo iwe kubwa, kila mraba kipande cha ukuta. Kila picha ya "kabla" tuliikuza, mlinzi akasoma kilichoonekana nyuma ya mabega na mikono, mimi nikakiweka kwenye mraba wake. Vijana walisimama nyuma yetu. Kufikia saa nane tulikuwa na majina thelathini na sita. Mengi yalikuwa nusu. Nyuma ya kidole gumba cha mtu kulikuwa na mtoto wa mtu.

Dirisha la pili lilikuwa kwenye picha tatu. Mbili, Mwenyekiti alikuwa ameruka hewani, fulana yake imefunika kila kitu. Ya tatu nilikuwa mimi. Nimeinama na skrepa, nafanya kazi chini kidogo, natabasamu kwa kuwa mpwa wangu ameniita. Juu ya bega langu maandishi yalionekana wazi. Mlinzi alisoma polepole:

"Dada. Tuko wazima wote watatu. Mdogo anakuulizia kila jioni. Wametupandisha lori, tunapelekwa kambi ya..."

Hapo kilianza kichwa changu.

Mwanamke alizungumza kwa mara ya kwanza moja kwa moja na mimi, na mlinzi akatafsiri. "Anasema, wewe ndiye uliyefuta. Ulikuwa karibu hivi. Jaribu kukumbuka."

Nilijaribu. Nafahamu jinsi skrepa ilivyokuwa inakwama pale kwenye ufa mdogo wa lipu. Nakumbuka kwamba kipande kile kilikuwa kigumu kutoka. Herufi sikuzitazama. Nilikuwa naangalia weusi, kama umeisha au bado.

"Sikumbuki, mama," nilisema.

Kulikuwa na jambo moja tu nililoweza kufanya. Nilichukua tepu ya kupimia, nikarudi ukutani, nikainama palepale kama kwenye picha. Katibu akasimama alipokuwa amesimama siku ile, akasogea mbele na nyuma mpaka dirisha na kichwa vikakaa sawasawa na kwenye ile picha.

"Kushoto kidogo, Mjomba. Inama. Hapo. Usi..." Alitaka kusema usicheke, nadhani, kama siku ile.

Mlinzi akaweka alama mbili za penseli, upande huu na upande huu wa kichwa changu. Sentimita ishirini na nne. Herufi za mdogo mtu zilikuwa na upana wa sentimita tatu, tukilinganisha na fremu ya dirisha. Nafasi ya herufi nane, na baada ya sikio langu ukuta ulionekana mtupu. Jina la kambi ya kusini lina herufi kumi na tatu. Lingetokeza.

"Si kusini," nilimwambia. "Hilo nina hakika nalo."

Akangoja niendelee.

"Mbili zilizobaki zote zinaenea hapo. Siwezi kuzitenganisha."

Mlinzi alipomaliza kutafsiri, mwanamke aliutazama mguu wake. Hakulia wala hakunitukana. Afadhali angenitukana. Kisha akasema neno moja, jina la kambi ya mashariki. Sikuuliza kwa nini. Lori la huko lilikuwa linaondoka saa kumi.

Kabla ya kupanda alimwomba mlinzi mkaa. Mlinzi alileta kipande kutoka jikoni. Mwanamke alisimama mbele ya ukuta, mkono umeinuliwa, akasita, jinsi ulivyokuwa safi. Nikamwambia aandike. Alipoandika, mkaa uliteleza. Ilikuwa rangi ya mafuta, kama nilivyoichagua. Haikushika kitu. Alirudia mara mbili, akaubonyeza mpaka ukakatika.

Nilikwenda kwenye boksi langu nikachukua msasa mkali kuliko yote. Nilianzia kwenye jina letu. Mwenyekiti alikuja, akachukua kipande cha pili, tukakwaruza pamoja mpaka mng'ao ukaisha na rangi ikawa chafu, yenye kukamata. Mwanamke akaandika. Mlinzi alinisomea baadaye: nimepita hapa, nawatafuta, nimekwenda mashariki, nisipowakuta nitavuka milima, kama mmerudi msiondoke.

Dereva akapiga honi.

Nyumbani, Jumapili ya kwanza, kanisa lilionyeshwa picha. Waumini wakapiga makofi kwa "baada". Nilitazama Mwenyekiti angesema nini. Alisimama mbele, akaanza, akasema kwamba tulikosea, akashindwa kuendelea. Mchungaji akadhani ni uchovu wa safari, akamwombea. Nilisimama nikaeleza yote niliyoyaeleza hapa, ila kwa ufupi. Dada yangu hakuzungumza nami njia nzima.

Baada ya mwezi na nusu mlinzi alinipigia. Yule mama alifika kambi ya mashariki. Hawakuwapo. Barabara ya milimani ilikuwa imefungwa kwa mapigano, haijulikani itafunguliwa lini, na wala yeye mlinzi hakujua amelala wapi tangu hapo.

"Na maandishi yake?"

"Yapo. Watu wameanza kuandika pembeni. Pale mlipokwaruza pamejaa, wanataka pengine."

"Msasa niliokuachia?"

"Umelainika, fundi. Kama karatasi ya kawaida."

Nilimtumia mwingine kwa dereva anayekwenda huko, namba themanini, ule wa kukwaruza. Mkaa juu ya rangi iliyokwaruzwa hudumu miezi mitatu, minne, kama hakuna anayeuegemea. Nimemwambia kila maandishi ya yule mama yanapofifia ayapitie tena kwa mkaa mpya, juu ya herufi zake zilezile, asibadilishe hata moja.