Kipande cha Baba

Ndoto ya mchana watu huidharau, wakasema ni uchovu tu. Haya, waidharau. Naetwe aliota mchana kweupe, ameegemea gunia la mahindi jikoni kwake milimani Upare, siku ya kumaliza matanga ya mumewe. Mzee Mbonea alianguka shambani bila hata kukohoa. Daktari alisema mishipa yake ya damu ilikuwa imekakamaa na kuziba, na kwamba jambo hilo halikuanza jana. Jioni ile, kwa desturi ya ukoo, mwanawe wa pekee, Elinaja, angekalishwa kwenye kiti cha marehemu na kupewa kile ambacho baba alipewa kila kondoo alipochinjwa: mkia, mafuta matupu, umechomwa na kukolezwa chumvi. Na asubuhi hiyo hiyo mama alikuwa amezikuta dawa za Elinaja juu ya kabati, hazijafunguliwa.

"Mwanangu, kliniki wamesema presha yako iko juu, na mishipa imeanza kuwa kama ya baba yako."

"Mama, kwani naumwa wapi? Nipe jembe nilime bonde zima unione. Dawa ni za wagonjwa."

Sikio la kufa halisikii dawa, lakini mama gani atamwambia mwanawe hivyo? Naetwe akachambua maharage ya makande huku machozi yakimtoka, mpaka usingizi ukamchukua.

Akajikuta katika nchi ya mifereji yenye maji mekundu, na kingo zake zilikuwa laini, zikipanuka na kunywea maji yalipopita. Mwanamke mwembamba mwenye jembe begani alimpokea. "Naitwa Kiasi," alisema. "Leo ni msaragambo, kazi ya kijiji kizima ya kusafisha mifereji, nanyi wa nyumba ya Mbonea hamjawahi kuja." Wakafuata ukingo. Utamu, mnene na mcheshi, alikuwa akimimina mafuta majini huku akiimba. Chumvi aliyasukuma maji kwa nguvu hata yakazigonga kingo, Moshi wa tumbaku akazikwaruza, na Uvivu amelala chali, anawashangilia wenzake. Nyuma yao alikuja kijana mmoja nadhifu, haongei, akizisiliba kingo kwa mabaki yao, tabaka juu ya tabaka, mpaka zikawa ngumu kama saruji.

"Na huyu mpole ni nani?" Naetwe aliuliza.

"Ni Kimya. Habishi hodi wala haumizi mtu, ndiyo maana watu humwita Afya. Kimya kingi kina mshindo mkuu, mama."

Mwisho wa mfereji mmoja alimwona Mbonea wake, amepiga magoti na kibuyu mkononi, akingojea maji. Likadondoka tone, kisha lisidondoke jingine. Naetwe alijitupa chini, akachimba kwa kucha hadi vidole vikatoka damu. Mfereji haukutikisika. Mbonea akamtazama kwa mapenzi yale yale ya miaka yote, akasema, "Naetwe, ulinilisha vizuri." Lau angemtukana, ingekuwa nafuu. Alilia katika ndoto ile kuliko alivyolia makaburini.

"Huu umekwisha," Kiasi alisema taratibu, akamgeuza mabega. "Tazama ule."

Kando yake palikuwa na mfereji mwingine, mwembamba lakini ungali unapitisha maji, na ukingoni ameketi Elinaja, anacheka, amemkumbatia Kimya.

"Kilichoganda hakitoki chote," Kiasi alisema, "lakini kinaweza kuzuiwa kisiongezeke. Mafuta na chumvi vipunguzwe, tumbaku iachwe, miguu itembee. Dawa anywe kila siku kama alivyoandikiwa, anapoumwa na asipoumwa, na apimwe, maana Kimya haonekani kwa macho. Msaragambo huu si wa siku moja." Akamkabidhi jembe.

Naetwe alizinduka jioni imeingia, mikono mitupu, harufu ya mkia wa kondoo imejaa jikoni. Hapo ndipo alipoelewa kwamba mapenzi yake yote yalikuwa yamepitia kwenye sahani ile ya mkia, na kwamba uani walikuwa wanaipakua tena. Alitoka mbio. Shemeji yake, Kadeghe, alikuwa amekwisha kumkalisha kijana kitini na kumnyooshea sahani. Naetwe akaidaka.

"Shemeji! Umechanganyikiwa? Mbele za watu?" Kadeghe alifoka.

Elinaja aliinuka. "Mama, hata kipande cha baba unaninyima? Bado sijawa mtu?"

"Umekuwa mtu, baba. Kiti ni chako, kikalie." Mafuta ya moto ya sahani yalikuwa yakimchirizikia vidoleni, asiyasikie. "Lakini baba yako nimemzika mimi. Wewe nataka unizike."