Mlima wa Mpiga Pasi

Saa saba kamili mpiga pasi alizima pasi, akakaa juu ya furushi la mashuka ya hoteli, akavaa sweta, akawasha gemu kwenye simu. Sweta ilikuwa ya lazima. Chumba kilikuwa cha moto, lakini baridi ya mlima ilitoka kwenye simu ikamwingia hadi mifupani, na mwaka jana ilimpa mafua ya wiki mbili.

Mumewe alikuwa kileleni. Alikuwa fundi umeme, amekufa miaka miwili sasa, na enzi za uhai wake waliicheza gemu hiyo pamoja kitandani, wakigombania chaja. Baada ya mazishi akamkuta huko juu, amekaa kwenye jiwe na ovaroli yake ya kazini. Mumewe akamuuliza kama bomba la jikoni bado linavuja. Lilikuwa linavuja.

Mwanzoni kupanda kulichukua dakika kumi, na utamu wenyewe ulikuwa hapohapo: kuteleza, kutukana kidogo, kujaribu tena, kufika unahema. Kisha mlima ukaanza kurefuka. Ilifika mahali kengele ya saa nane ya kurudi kazini inalia naye bado yuko katikati. Pembeni ya skrini ikatokea ngazi, ileile ya zamani, inayouzwa kwa bei ya mkate. Wiki iliyofuata, mikate miwili. Mumewe alipokuwa hai aliwacheka sana wanunuzi wa ngazi. "Sasa ukinunua, umecheza nini?"

Mpiga pasi aliinunua mara moja tu. Akafika bila jasho, bila kuhema, wakatazamana kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki. Hakurudia.

Mwenzake wa kukunja mashuka, waliyemwita Kasuku kwa kuwa hakunyamaza hata akitafuna, hakumwelewa.

"Mlima gani, dada? Mimi nilikuta kichuguu. Nikapanda, hakuna mtu, nikaifuta gemu."

Mpiga pasi akapiga simu huduma kwa wateja. Mhudumu alikuwa na adabu zake.

"Ni kweli, mama. Mlima tunaupima kwa hamu. Asiye na mtu kule juu tunamwekea mfupi, maana ataacha tu. Wewe huachi."

"Na nikitaka ufupishwe?"

"Punguza hamu, mama. Kuna lingine la kukusaidia?"

Hakukuwa na lingine.

Basi akaanza kupunguza. Aligawa mashati ya mumewe, akaanza kulala upande wa marehemu kitandani, akamleta fundi bomba. Kuna siku alifika jioni hajamkumbuka hata mara moja, akajiona mwizi, jamani, mwizi kabisa. Lakini alijikaza, kwa sababu alitaka kumwona.

Siku ya ishirini aliwasha gemu akakuta mlima una kimo cha meza. Mumewe alikuwa amekaa juu yake, miguu inagusa chini.

"Afadhali umekuja," alisema. "Nimekukumbuka mno, mke wangu."

Alikuwa na kipande cha waya mdomoni, akikitafuna vilevile alivyozoea. Moyo wa mpiga pasi ukadunda kwa furaha. Hakuweza kuuzuia, nani angeweza? Ardhi ikaanza kuinuka chini ya mumewe, ikapita paa la nyumba, ikapita nguzo za umeme. Aliona soli za viatu vya mumewe, kisha mawingu.

"Taratibu basi, wewe!" sauti yake ilishuka kutoka juu, nusu anacheka, nusu analia.

Ngazi ikatokea. Bei yake sasa ilikuwa mshahara wa mwezi.

Angeweza kuanza tena kumsahau. Kazi ya siku ishirini, alishaijua. Alijifuta macho kwa ncha ya shuka la hoteli, akaweka dole gumba kwenye jiwe la kwanza.

"Usiondoke hapo," alisema, akaanza kupanda.