Geti Limefungwa

Kitendawili! Wewe unayesoma hapo, sema "tega", hata kimoyomoyo inatosha. Haya. Ninaye nje ya mlango wangu, haondoki jua likiwaka wala mvua ikinyesha. Maji yangu hajawahi kuyaonja, lakini hakuna tone ninalolitumia asilolihesabu. Ni nani?

Najua umeshapata. Nyamaza nalo kwanza, kwa sababu jibu hilo lina mwenyewe.

Kitendawili hicho nilimtegea mume wangu asubuhi moja, akiwa ameinama anafunga kamba za viatu. Miaka thelathini na mmoja alikuwa msoma mita wa idara ya maji. Alishastaafu, lakini viatu alikuwa bado anavaa kila kukicha, kana kwamba kuna nyumba mahali inamsubiri. Akainua uso, akacheka kidogo, akafungua mdomo anijibu. Mdomo ukaenda upande. Kamba ya kiatu ikamponyoka mkononi.

Kiharusi kilimchukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na ulimi wote. Jibu langu likabaki humo humo ndani.

Ikapita miezi saba. Mwanangu mkubwa ni dereva wa lori, na kila akirudi safari alikuwa anakuja kusimama mbele ya kiti cha baba yake, halafu ananiuliza mimi: "Amekula? Amelala vizuri?" Mwenyewe yupo hapo, macho anayo, haulizwi. Siku moja akanivuta jikoni.

"Mama, tuambiane ukweli. Baba hayumo tena. Mwili upo, yeye ameshaondoka. Mwisho wa mwezi nampeleka kwangu, nimeshapata mtu wa kumwangalia. Wewe una miaka sabini na mbili, utamwinua mpaka lini?"

"Yumo," nikasema.

"Umejuaje?"

"Nilimtegea kitendawili. Hajanipa mji."

Akanitazama kwa huruma, kama vile sasa ana wagonjwa wawili. Nami sikuwa na ushahidi mwingine. Tena nikwambie kweli, zipo siku nilipokuwa namfuta mdomo nikajiuliza kama ninayemfuta ni mume wangu au ni kiti.

Basi akaja mjukuu wangu wa kike likizoni, mtoto wa binti yangu, anasomea umeme chuo cha ufundi. Tunamwita Bisibisi, maana tangu ana miaka sita hakuna redio iliyowahi kutoka salama mikononi mwake. Alikuwa anatafuta pasi kabatini, akaibuka na kitu kingine.

"Bibi, hii nini?"

"Tofali la babu yako."

Ilikuwa ile kompyuta ya mkononi aliyokuwa akitembea nayo kazini: ya kijivu, nzito, vitufe vya mpira, kioo kidogo kama dirisha la choo. Ofisi ilipoleta mpya, hizi zikawa za kutupwa, naye akaiomba yake aondoke nayo. Tangu hapo haijawaka.

Bisibisi akaigeuza, akainusa, akaitikisa sikioni. "Haijafa hii. Betri ndiyo imekufa. Bibi, humu ndani mna kompyuta nzima! Nikiifungua nikaibadilisha kidogo, Babu atakuwa anabonyeza kwa mkono wa kushoto, anachotaka kinatokea kwenye kioo."

"Umewahi kuifungua ya namna hii?"

"Sijawahi."

"Basi ngoja nisafishe meza."

Tukakaa mlangoni, meza katikati, yeye upande huu, mimi na cherehani yangu upande ule. Kwanza akaipiga picha kila upande, ili tusije tukasahau ilivyokuwa. Skrubu zilikuwa sita, hakuna mbili zinazolingana urefu. Nikampa kile kipande cha sabuni ninachochomekea pini, akazichomeka kwa mpangilio ule ule wa mfuniko. Mfuniko wenyewe ukagoma. Ulikuwa umegandana na mpira wa kuzuia maji, akataka kuuchokonoa kwa kisu.

"Hebu sogea, mke mwenzangu. Wewe unachinja." Nikachukua kijiuma changu cha kufumulia nyuzi, nikakipitisha taratibu kuzunguka ukingo wote, kama ninavyofumua kiuno cha sketi. Ukaachia.

"Lo! Bibi, chuoni hawajatufundisha hivyo."

"Hawana sketi za kufumua."

Betri ilikuwa imevimba kama shavu lenye jino bovu. Akaitoa kwa adabu, akaleta ya simu yake ya zamani, akalehemu nyaya mbili, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Akawasha. Kimya. Akapima waya, akapima tena, akalaani darasa zima. Mpaka tulipourudisha mfuniko ndipo kioo kikawaka, kumbe kuna kiswichi kidogo humo kinachozuia mashine isiwake ikiwa wazi.

"Ina haya kukushinda wewe," nikamwambia.

Siku mbili nzima akahangaika na kadi ndogo kama ukucha, akiingiza programu yake. Akaweka picha nne kubwa za kugusa: maji, chai, choo, naumwa. Programu ya kazini aliiacha chini yake, akihofia kwamba akiifuta mashine yote itakataa. "Kwa hiyo ukibonyeza namba bado zitatokea pale juu," akasema. "Nitazifunga baadaye zisimchanganye."

Jumamosi mchana mwanangu alikuwepo. Bisibisi akamwekea babu yake mashine kwenye kiganja cha kushoto. Jamani, aliitambua! Kidole gumba kilipita juu ya vitufe vile kimoja kimoja, kama mtu anayempapasa paka wake aliyepotea.

"Babu, gusa picha ya unachotaka."

Akazitazama picha zote nne. Akazitazama sana. Halafu kidole kikazipita, kikashuka mpaka kwenye namba. Sifuri. Mbili. Kitufe cha kijani.

Juu ya kioo ikatokea 02.

"Hapo siyo, Babu. Hapa, kwenye picha."

02. Akabonyeza tena. 02. Na tena.

Mwanangu akashusha pumzi. "Mnaona wenyewe. Anabonyeza ovyo. Mwacheni mzee wa watu apumzike." Akanyoosha mkono aichukue. Mume wangu akaing'ang'ania mpaka vidole vikawa vyeupe, huku gumba linafanya kazi: 02.

Mimi nilikuwa kwenye cherehani, nakunja pindo la sketi ya mteja. Mguu ukasimama wenyewe.

Miaka thelathini na mmoja mtu huyu alikuwa akirudi nyumbani ananimwagia kazi yake yote mezani. Msoma mita akishindwa kuisoma mita haandiki maelezo, anaandika namba ya sababu. Sifuri moja, mbwa mkali. Sifuri tatu, mita imefukiwa. Sifuri tano, hakuna mtu nyumbani. Ikafika mahali hata suruali haniambii imechanika, anasema, "Mama watoto, leo nimekutana na sifuri moja," nami najua nitafute kiraka.

"Sifuri mbili," nikasema. "Geti limefungwa. Mita iko ndani, inazunguka, ila haifikiki."

Mwanangu akaurudisha mkono aliokuwa ameunyoosha.

"Imetokea tu, Mama," mwanangu akasema, lakini kwa sauti ndogo.

"Basi muulize. Usiniulize mimi. Muulize yeye!"

Akachuchumaa mbele ya kile kiti, jitu zima, funguo za lori zinaning'inia kiunoni. Miezi saba hakuwahi kufika chini pale. "Baba," akasema. "Mimi niliweka sifuri tano. Nilisema hakuna mtu."

Mume wangu akamtazama usoni. Akabonyeza mara moja tu, polepole, kama mwalimu anayemsahihishia mtoto: 02.

Mwanangu akakaa sakafuni puu, kama gunia lililoshushwa. Akajifunika uso kwa kofia yake. Bisibisi naye alikuwa anafuta pua kwa mkono. "Nilitaka kuzifunga namba zile, Bibi. Jana usiku nilitaka kuzifunga."

"Hukuzifunga. Lete sabuni, tufungue tena."

Kesho yake picha zikaondoka zote. Namba za kazini zikabaki kama zilivyo, na juu yake akaongeza herufi, kila namba herufi tatu tatu, kama simu za zamani. Mwanangu alitakiwa kuwa njiani tangu alfajiri. Hakuwa njiani. Alikuwa ameshika kipande cha sabuni kwa mikono miwili, akimpa mpwa wake skrubu moja moja, anauliza, "Hii? Au hii?" na kutukanwa kila mara.

Ilipowaka, mume wangu aliandika neno la kwanza. Alikosea, akafuta, akaandika upya. Nikalisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, maana macho yangu nayo si ya jana. VIATU.

Viatu! Na sisi miezi saba tunamvisha soksi, eti mgonjwa.

Mwanangu akavileta, akavipiga brashi, akapiga magoti kumvalisha. "Mwisho wa mwezi nitakuja," akasema huku anafunga kamba, na safari hii alikuwa anamwambia baba yake. "Ila nakuja kukaa hapa na nyie. Umesikia, Baba?" Akapigwa kofi dogo la kichwani kwa mkono wa kushoto. Alisikia.

Nikasogeza kiti changu karibu naye.

"Kitendawili!"

Kidole kikazunguka. TEGA.

Nikakitega chote, neno kwa neno, kama asubuhi ile: nje ya mlango, jua na mvua, maji asiyoyaonja, tone asiloliacha. Akanitazama mimi, akaitazama cherehani yangu mlangoni. Nusu ya mdomo wake ikapanda juu. 01.

"Mbwa mkali!" Bisibisi akaangua kicheko, nusura adondoke. "Bibi, umetajwa!"

"Umeshindwa wewe mzee," nikamwambia. "Nipe mji, tumalize."

Akatikisa kichwa. Mji hatoi. Akainama kwenye mashine, na sisi watatu tukamwinamia, tukisubiri herufi zije moja moja.

MITA. ULIDHANI SIJUI.