Kikopo cha Maabara

Mimi ni fundi cherehani, na nguo isipokaa vizuri sipimi upande mmoja tu. Lakini kwenye ndoa yangu, miaka tisa nimepimwa mimi peke yangu. Mama mkwe alishanibandika jina, Mti Mkavu, na Jumamosi ukoo ulikuwa ukutane kumchagulia mwanawe mke wa pili.

Alhamisi nikaenda kliniki, kwenye darasa la sisi tusiopata watoto. Nesi hana simile. "Nyie mnajilaumu kama mlijiumba wenyewe! Mtoto ni kazi ya wawili. Mume naye apimwe." Tukacheka, wengine tukalia. Baada ya miaka mingi nikajiona mtu. Akanipa kikopo chenye kifuniko. Maelekezo, akasema, mtapewa mkija wote wawili.

Nyumbani nikakiweka mezani. Mume wangu ni dereva wa lori, mpole, hajawahi kunifokea hata siku moja. Wallahi nilimwonea huruma. "Mwenzangu, nesi anakuomba. Kabla ya Jumamosi."

Hakuuliza cha nini. "Jumamosi haiwezekani. Lazima zipite siku tatu hatujakutana. Na kikitoka hapa kifike maabara ndani ya saa moja."

"Nani kakwambia?"

"Si umesema wewe?"

"Mimi nimesema nesi anakuomba. Basi."

Akafungua kifuniko, akakifunga, akakifungua tena. Uongo ukamwishia. Alipimwa mwaka wetu wa tatu, akasema. Mbegu hazikuonekana kabisa. Daktari alimwambia arudi na mimi tuangalie la kufanya, akaona haya.

"Mama yako anajua?"

"Yeye ndiye aliyeniambia ninyamaze."

Loo! Kumbe wote wawili walikuwa wananitazama tu nikichekwa! Nililia, na sikulilia mtoto. Nililia kwa sababu mwaka wa tano, mama mkwe aliponichemshia ile mizizi michungu nikawa natapika, mume wangu ndiye aliyeniinua kichwa na kunishikia bakuli. "Maliza, mke wangu. Ni kwa faida yetu."

Jumamosi wajomba walipokwisha kukaa, niliingia sebuleni bila kuitwa. Nikakiweka kikopo mbele ya mume wangu.

"Haya, sema," nikamwambia. "Ni kwa faida yetu."

Akakitazama kikopo, akanitazama mimi. Kisha akamgeukia mama yake.

"Mama," akasema, "tuendelee na kikao."