Rimu Inayong'aa

Wangeci aliibwaga baiskeli mbele ya kibanda cha Muriuki, na gurudumu la mbele likaendelea kuzunguka hewani, likimeta juani bila haya.

"Inuka, fundi. Inuka uione kazi yako."

Muriuki alifunika githeri yake ya mahindi na maharagwe, akainuka. Wiki mbili zilizopita alikuwa amembadilishia breki zote: raba laini mahali pa zile zilizokuwa ngumu kama kwato, waya mpya, mikono mirefu ya kufinyia. Aliapa kwamba hata akibeba kreti tatu za mkate kutoka hapa Shauri Moyo, baiskeli itasimama pale atakapo. Jana, kwenye mteremko wa Mathare, Wangeci alifinya mikono hiyo hadi vidole vikafa ganzi, na baiskeli ikaserereka tu kama isiyosikia. Ilimgonga Hodo, muuza sambusa, ikamvunja mkono.

Tangu jana Wangeci alikuwa amekisimulia kisa hicho kibanda kwa kibanda, na mwovu alikuwa mmoja: fundi. Hirad, kakake Hodo, aliposema atakuja kubomoa kibanda cha huyo fundi, Wangeci hakumkanya. Alimwelekeza njia.

"Hirad anakuja leo jioni," alisema. "Usidai hukuambiwa."

Fundi alichuchumaa, akavuta waya, akafinya breki. Raba zilibana rimu, chuma cha mzingo wa gurudumu, pande zote mbili kwa mpigo mmoja. Kisha akachana kipande cha gazeti, akakipitisha juu ya rimu. Kilitoka cheusi.

"Unapaka nini hapa?"

"Mafuta. Kila Jumapili nikitoka kanisani. Baiskeli ya kazi lazima ing'ae."

"Mpaka kwenye rimu?"

"Babangu alipaka hapo hapo miaka thelathini."

"Na kwenye mteremko alifanyaje?"

Kumbukumbu ilimjia Wangeci. Alimwona babake akishuka tandikoni kwenye kilele cha kila kilima, akiikokota baiskeli huku akikita kisigino ardhini. Kiatu chake cha kulia kililika kabla ya cha kushoto, kila mwaka. Utotoni aliona huo kuwa utulivu wa mtu mzima.

"Hata ningekufungia breki za gari moshi, Wangeci, zingeshika nini kwenye mafuta haya?"

Hasira haikumtoka Wangeci. Ilizunguka kifuani ikitafuta pa kukaa. "Mbona hukunionya?"

Muriuki alilitazama gazeti. "Sikukuonya," alisema polepole. "Nilidhani kila mtu anajua."

Neno hilo Wangeci angeweza kulishika akaondoka nalo. Lilitosha kumtia fundi nusu ya lawama, na kwa watu wenye nyundo, nusu hutosha kabisa. Alilitafuna, likawa chungu. Kisha akanyakua msasa wa fundi, akaanza kusugua. Alisugua kwa sabuni, akasugua kwa msasa, akajichuna vifundo vya vidole, akimlaani fundi, akimlaani babake aliye kaburini, mwishowe akijilaani mwenyewe. Rimu ilipoteza mng'ao wa Jumapili zake zote, ikafifia kama bati kuukuu. Muriuki alifunga raba nyingine, zisizo na mafuta.

Jua lilikuwa limeanza kuinama Wangeci alipofika juu ya mteremko wa Mathare. Hakushuka kwenye tandiko. Aliiachia baiskeli ikimbie, na katikati ya mteremko akawaona: Hirad na wanaume wawili wakipanda, nyundo begani. Akafinya. Baiskeli ilikwama papo hapo, kreti tupu ikamgonga mgongoni.

Hirad aliruka kando, kisha akacheka kwa kejeli. "Leo imeshika? Kumbe fundi akitishwa anajua kazi."

Ilikuwa rahisi kuitikia. Jibu lilikuwa limeshaandaliwa na mwingine, lilimngoja yeye atikise kichwa tu. Nyuma yao, chini kule, Hodo alikuwa akikunja sambusa kwa mkono mmoja, akiishikilia kwa kiwiko kando ya plasta ya mkono uliovunjika. Ya tatu ilifumuka. Akaianza upya.

"Fundi hana kosa la kubomolewa," Wangeci alisema. "Mafuta niliyapaka mimi."

Hirad hakuteremsha nyundo. "Jana ulisema nini?"

"Nilisema uongo nikiuamini. Twende kwa Hodo, nikaurudie mbele yake."

Hakuna aliyesogea. Baiskeli ilikuwa imesimama kitambo, lakini Wangeci, vidole vyeusi, damu vifundoni, alikuwa bado amefinya breki.