Tulia Hapo Ulipo

Shemeji yangu ni seremala, na mlango wa bafu la nyumba yake aliutengeneza kwa mkono wake mwenyewe. Mbao ngumu, bawaba tatu, komeo nene la chuma. Siku walipohamia aliupiga ngumi mbele yetu sote ili tuone kwamba hata mwizi hauwezi. Miaka sita baadaye yeye mwenyewe aliuvunja kwa nyundo, ikamchukua dakika kumi na tisa, na nyuma ya mlango huo alikuwa mkewe, mdogo wangu.

Nazijua dakika hizo moja moja, kwa sababu nyingi kati yake nilizila mimi.

Kazi yangu ni kuandika mifumo ya kompyuta. Mwaka ule ofisi yetu ilipewa kazi na manispaa: mtu akipigwa nyumbani afungue ukurasa kwenye simu, ajaze jina, mahali alipo na kinachompata, na akitaka aweke picha ya jeraha. Ombi liende moja kwa moja kwenye skrini ya askari wa doria, lipewe namba, gari litoke. Ile namba ya zamani ya kupiga simu ilifungwa. Kuanzia siku ya uzinduzi, gari la doria halikutoka ila kwa namba ya ombi.

Ndani ya mfumo huo kuna faili moja la XML ambalo kazi yake ni kama ya mtu wa mapokezi. Kila ombi likibisha hodi, linasoma orodha yake: hili lipelekwe chumba kile, lile lipelekwe chumba hiki. Chini kabisa kuna mstari wa makosa, unaosema kitu kikiharibika njiani mtu apelekwe wapi na aonyeshwe nini. Faili hilo ni langu. Mistari mia tatu na ushee, yote nimeiandika mimi, na nikikuta mtu ametia mkono humo bila kuniuliza, siku hiyo ofisi haikaliki.

Siku mbili kabla ya uzinduzi, bosi alikuwa akijaribu mfumo kwenye simu yake, ukamtokea ukurasa mwekundu wa kosa. Akaja mezani kwangu na ile simu ameinyoosha mbele.

"Hii nyekundu siitaki mbele za wageni."

"Hilo ni kosa, bosi. Linatuambia kuna kitu kimevunjika."

"Basi liwaambie nyinyi. Mwananchi muonyeshe kitu kizuri."

Nilikuwa nimechoka, tena nina hasira, na mimi nikiwa na hasira hufanya kazi haraka na vibaya. Nikauchukua ule mstari wa makosa nikauelekeza kwenye ukurasa uleule wanaouona waliofanikiwa. Kosa lolote, la aina yoyote, mtu apelekwe huko. Ukurasa wenyewe nilikuwa nimeuandika mimi pia, kwa herufi kubwa za kijani: *Asante. Tumepokea ombi lako. Tulia hapo ulipo, msaada uko njiani.* Pembeni ya mstari nikajiachia ukumbusho kwamba hii ni ya muda tu, nirekebishe baada ya uzinduzi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa niliupaka rangi.

Uzinduzi ukapita, watu wakapiga makofi, nami nikasahau.

Wiki moja baadaye mdogo wangu alikuja kwangu jicho moja limefumba. Yeye ni fundi cherehani, ana chumba chake cha kushonea palepale nyumbani, na mkono wake wa kulia ni mwepesi kiasi kwamba wateja humletea nguo za harusi bila kuuliza atamaliza lini. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, akasema amepigwa tena. Ningepaswa kumkumbatia. Badala yake nilipiga meza.

"Mara ya ngapi sasa? Unakuja unalia, nakukanda, unarudi kumpikia. Usije kwangu tena mpaka umemshtaki. Nimekaa miezi minne natengeneza mfumo kwa ajili ya watu kama wewe. Utumie. Mimi usinipigie."

"Sawa, dada," akasema. Akajifuta uso kwa mkono wa gauni, akaondoka na chai yake ameiacha nusu.

Mdogo wangu ni mtu wa kutii. Ndiyo shida yake kubwa na ndiyo sababu nampenda.

Mwezi mmoja baada ya uzinduzi, asubuhi ya saa nne, wakubwa wa manispaa walikuwa wamekaa kwenye chumba chetu cha mikutano, mfumo umewashwa kwenye skrini kubwa ya ukutani. Bosi aliwaonyesha grafu ya maombi yaliyowafikia askari inavyoshuka wiki hadi wiki. "Wapigaji wameanza kuogopa," akasema, na mmoja wao akampongeza. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nyumba niliyokulia ilikuwa ya kipigo, na sijawahi kuona mtu mwenye mkono mwepesi akiuacha kwa sababu ya ukurasa wa simu. Nikarudi mezani, nikafungua kumbukumbu za seva, pale seva inapoandika kila kilichoharibika. Sikuwa nimepafungua tangu uzinduzi, maana malalamiko hayakuwepo. Yangetoka wapi, na kila aliyekwama ameambiwa asante?

Makosa mia mbili na manne, yote ya aina moja: picha kubwa mno. Kikomo cha ukubwa wa picha nilikiweka mimi, tukakijaribu kwa picha ya kikombe kilichovunjika, iliyopigwa kwa simu kuukuu ya bosi. Simu za watu hupiga picha kubwa mara tatu ya ile. Aliyeandika maneno matupu alipita. Aliyepiga picha ya jeraha lake alitupwa nje, kisha mstari wangu ukamshika bega na kumwambia atulie.

Nilianza kusoma kutoka lililo jipya. Lilikuwa la mdogo wangu. La pili lilikuwa lake, la tatu lake, la nne lake.

Kati ya hayo manne, kila moja na picha yake, alilotuma kwanza lilikuwa na umri wa dakika kumi. *Nimejifungia bafuni. Nadhani taya limevunjika. Ana nyundo.* Lililofuata: *Anavunja mlango.* Lililofuata: *Nimetulia kama mlivyosema. Mko wapi?* La mwisho lilikuwa la dakika hiyohiyo na halikuwa na neno hata moja, picha tu.

Nikampigia. Simu iliita mpaka ikakata. Nikapiga chumba cha doria kwa namba yao ya ndani, tuliyopewa sisi watengenezaji, akapokea askari mwenye sauti ya usingizi.

"Namba ya ombi?"

"Hakuna namba, mfumo umekwama. Ni mdogo wangu, anauawa sasa hivi. Nakupa mtaa na nyumba."

"Mimi kwenye skrini sioni kitu, dada. Gari halitoki bila namba. Utaratibu ndio huo, mmeuleta nyinyi wenyewe."

Nilikata simu, nikafungua ukurasa wetu, nikajaza jina la mdogo wangu, mtaa, nyumba, neno *nyundo*, bila picha. Ombi likapita mara moja. Nikampigia tena yule askari na kumsomea namba ya ombi kutoka kwenye skrini yangu, nikamwambia gari likichelewa nitakuja kumtafuta yeye. Halafu nikafungua faili langu, nikaongeza kikomo cha picha, nikauondoa mstari wa makosa kwenye ukurasa wa asante, na kuizima seva ili iwake upya. Walikuwepo wengine kwenye simu zao wakati ule, nao walikuwa wakisubiri.

Ile skrini kubwa ikawa nyeupe mbele ya wageni. Bosi akatoka mbio, akanidaka mkono karibu na ngazi.

"Umefanya nini? Rudi uwashe. Unataka kuniaibisha?"

Nikampiga kiwiko cha mbavu. Sikufikiri, wala sijajuta. Alikaa chini kwenye ngazi kama gunia, nami nikamruka.

Pikipiki ilichukua dakika sita. Nyumba ilikuwa wazi, na kutoka barabarani niliisikia nyundo, kwa mpigo wa fundi anayejua kazi yake, bila papara. Nilipita kwenye chumba cha kushonea, nikabeba kitu cha kwanza kizito nilichokiona, pasi ya chuma.

Shemeji alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango. Alikuwa ameshatoboa tundu usawa wa komeo, upana wa bakuli, na ndani ya tundu lile niliuona mkono wa mdogo wangu umeling'ang'ania komeo lisisogee. Haukuwa tena mkono ninaoujua. Shemeji alikuwa akiupiga kidole kimoja kimoja, na baada ya kila pigo alisubiri kidogo kuona kama utaachia. Haukuachia. Damu ilikuwa ikishuka kwenye ubao hadi sakafuni, na yeye alikuwa akimwambia kwa sauti ya chini, karibu ya kubembeleza, "Fungua, mke wangu, tuongee."

Nilimpiga pasi kwenye sikio. Aligeuka, hakuanguka, akanirudishia nyundo hapa kwenye mfupa wa bega, nikausikia ukikatika. Mkono wa kushoto ukafa. Akainua nyundo tena, akiniita shemeji, akiniambia nisiingilie ya watu, na mimi nikamsukumia ncha ya pasi mdomoni kwa nguvu zote za mkono mmoja. Meno yalitoka. Akaenda chini na kichwa kikagonga ukingo wa mlango aliouvunja, ule wa siku ya kujisifu. Nikampiga tena akiwa chini. Nikampiga tena. Nasema kweli, nilifurahia, na ningeendelea mpaka asubuhi ya kesho kama askari wawili wasingenishika kwa nyuma. Yule aliyeninyang'anya pasi aliniuliza namba ya ombi.

Mlango ukafunguliwa. Mdogo wangu alikuwa ameegemea ukuta, uso umevimba upande, simu iko mapajani. Ndani ya sinki niliona vioo vinne vya dirisha, vimeng'olewa na kupangwa vizuri kimoja juu ya kingine, kama vyombo vilivyooshwa. Nikaviona na nisivielewe. Wakamchukua.

Vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vilikatwa jioni ileile. Shemeji yuko ndani, anakula uji kwa mrija, na nasikia analalamika. Siku ya nne nilikwenda hospitali mkono umening'inia shingoni na kompyuta begani, kwa sababu bosi alikuwa amenifukuza, na manispaa wakamwambia anirudishe mpaka nimalize kurekebisha. Aliniagiza jambo moja tu: ule ukurasa wa makosa, hata uandike nini, usiwe wa kutisha.

Mdogo wangu alikuwa ameketi kitandani, taya limefungwa kwa waya. Aliongea polepole, meno yamebana, kila neno akililipia kwa maumivu.

"Vioo uliviona?"

"Niliviona kwenye sinki."

"Mimi niling'oa. Dirisha lile linanitosha, na chini ni kwa jirani. Mguu mmoja ulikuwa nje kabisa. Simu ikatoa mlio, nikasoma. Ikasema nitulie hapo nilipo, msaada uko njiani." Akameza mate. "Nikarudisha mguu."

Dirisha moja, hatua moja, na mkono mzima wa fundi.

"Nikatuma tena. Ikasema tulia. Nikatuma tena. Nikasema hawa wanajua kazi yao, ni mfumo wa dada." Alinitazama kwa lile jicho lililofunguka. "Nani aliyaandika yale maneno?"

Ningeweza kumtaja bosi, na usingekuwa uongo mtupu. Ningeweza kusema kikomo cha picha, kikombe, uzinduzi, uchovu. Nilikuwa na maelezo mengi na yote yalikuwa kweli.

"Mimi," nikasema.

Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeukia ukutani.

"Sogea," akasema mdogo wangu.

Nikasogea na kuinama, nikidhani anataka kuninong'oneza. Akanizaba kibao kwa mkono wa kushoto, ule mzima, kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Katika maisha yake yote alikuwa hajawahi kumpiga mtu. Bega lilinichoma mpaka miguuni, machozi yakanitoka, na mengi hayakuwa ya bega.

"Hicho ni cha dirisha," akasema. "Sasa toa kompyuta."

Nikaitoa, nikaiweka juu ya shuka katikati yetu, nikafungua faili langu na kwenda chini kabisa, kwenye mstari wa makosa. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, nilimwachia mtu mwingine aseme kitakachoandikwa humo.

"Andika," akasema. "Ombi lako halijafika." Akanisubiri niandike kwa mkono mmoja. "Hakuna anayekuja." Akasubiri tena. "Kama kuna dirisha, toka."

Nikayaandika kama alivyoyasema, bila kuongeza asante. Nikamuuliza maandishi yawe ya rangi gani.

"Nyekundu," akasema.